Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Picha za Sayari Zilizopigwa Kutoka Angani

Kila picha mpya ya sayari inapoanza kuzagaa mtandaoni, maswali huwa yale yale. Ni ya kweli? Mbona rangi zake si zile za mwaka jana? Nyota zimekwenda wapi? Majibu yako hapa chini. Mengine ni marefu kwa sababu swali lina mengi ndani yake, mengine yanaisha kwa maneno machache.

Je, hizi ni picha halisi au ni michoro ya kompyuta?

Zote mbili zipo, na mara nyingi huchanganywa ovyo. Ukiona chombo cha anga chenyewe kikielea mbele ya pete za Zohali, ujue huo ni mchoro, maana hapakuwa na kamera ya pili pembeni ya kukipiga. Ukiona sayari ya nyota nyingine yenye bahari na mawingu, huo nao ni mchoro wa msanii aliyefuata vipimo vya wanasayansi, kisha palipobaki akapajaza kwa ubunifu wake.

Vighairi ni vichache, na kimoja nakipenda sana. Tarehe 25 Mei 2008, kamera ya HiRISE iliyomo kwenye Mars Reconnaissance Orbiter, chombo kinachoizunguka Mirihi, ilikinasa chombo kingine, Phoenix, kikining'inia kwenye mwavuli wake kuelekea ardhini. Mashine moja ya binadamu ikaipiga picha nyingine ikitua kwenye sayari isiyo yetu.

Picha ya Zohali yenyewe ni habari nyingine. Ule ni mwanga wa jua uliogonga mawingu yake, ukarudi, ukaingia kwenye lenzi na kupimwa. Ila usitarajie kupata picha isiyoguswa. Karibu kila picha ya sayari unayokutana nayo imepita mikononi mwa mtu: imeunganishwa na nyingine, imesafishwa, imepewa rangi kutokana na vipimo. Cha kuuliza ni imefanyiwa nini, na kama aliyeifanyia kazi hiyo amesema.

Picha husafiri vipi hadi kufika duniani?

Husafiri kama namba, kwa mawimbi ya redio. Lakini hapo mwanzo ilikuwa filamu kabisa. Luna 3 ya Umoja wa Kisovieti ilipiga upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani tarehe 7 Oktoba 1959. Chombo chenyewe kikaisafisha filamu, kikaikausha, kisha kikaisoma kwa mwanga na kurusha matokeo kwa redio. Kazi yote ya chumba cha giza ilifanyika humo ndani, bila mtu.

Mariner 4 ilipoipita Mirihi Julai 1965 ilibeba kamera ya televisheni na kinasa cha utepe. Picha moja ilikuwa na nukta 200 kwa 200, na kila nukta ilipewa namba kati ya 0 na 63 kuonyesha kiasi cha mwanga. Namba hizo zilirushwa kwa kasi ya biti 8 na ushei kwa sekunde, hivyo picha moja ilichukua takriban saa 8 kufika. Zilipatikana picha 21, na kipande cha ya 22.

Wahandisi wa maabara ya JPL huko California walitaka kujua mapema kama kinasa kimefanya kazi, na kungoja kompyuta imalize kuiunda picha kukawashinda. Wakachapisha namba kwenye vipande vya karatasi, wakavipanga ubaoni, wakatafuta chaki za rangi, wakaanza kupaka kila namba rangi yake kwa mkono. Kwa hiyo picha ya kwanza ya Mirihi kutoka karibu kuonwa na binadamu ilipakwa na watu wazima walioishiwa subira. Imehifadhiwa mpaka leo, na kwangu mimi inazishinda nyingi zilizokuja baadaye zenye ubora mara elfu.

Siku hizi picha za Mirihi huja haraka, kwa sababu magari yaliyo juu ya ardhi yake huzipitishia kwenye vyombo vinavyoizunguka. Huko mbali zaidi bado ni dondadondo. New Horizons iliipita Pluto tarehe 14 Julai 2015, umbali wa kilometa 12,500 hivi, ikiwa katika mwendo usioruhusu kusimama. Kutuma yote iliyokusanya wakati huo, kwa kilobiti 1 hadi 2 kwa sekunde, kulichukua mpaka Oktoba 2016.

Kinachopokea ni antena kubwa za Goldstone nchini Marekani, Madrid nchini Hispania na Canberra nchini Australia. Zimetawanywa hivyo ili Dunia inapozunguka, upande wowote wa anga uwe na antena inayoutazama.

Mara nyingine namba hazifiki. Huygens, chombo kidogo cha Ulaya, iliposhuka juu ya Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, tarehe 14 Januari 2005, ilikuwa ikituma habari kwa njia mbili za redio kwenda Cassini, chombo kikubwa kilichoibeba hadi huko. Amri ya kuwasha kipokezi cha njia moja haikuwemo kwenye orodha ya amri. Karibu nusu ya picha, kama 350, zikaishia hewani. Zilizosalimika zinaonyesha mawe ya barafu yaliyosuguliwa yakawa mviringo, yametapakaa kwenye ardhi yenye rangi ya chungwa.

Kuna mtu anayebonyeza kitufe?

Hayupo, wala asingeweza. Amri kutoka hapa huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi kwenye njia zao. Neptuni ni zaidi ya saa 4. Kila picha hupangwa mapema: kamera itazame wapi, lini, kwa sekunde ngapi, kupitia kichujio gani. Chombo hupewa orodha nzima na kuachiwa.

Voyager 2 ilipoifikia Neptuni Agosti 1989, jua la huko lilikuwa na nguvu kama sehemu moja ya 900 ya hili tulilozoea. Lenzi ilibidi ikae wazi kwa muda mrefu huku chombo kikikimbia, na hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kupata picha iliyofifia na kutelezateleza. Suluhisho la wahandisi lilikuwa kukigeuza chombo kizima polepole wakati lenzi iko wazi, ili kamera iendelee kuitazama sehemu ile ile. Walifanya hivyo kwa kuandika upya programu za kompyuta iliyorushwa mwaka 1977, kutoka umbali wa kilometa bilioni 4 na zaidi. Sijui kazi ya upigaji picha inayonishangaza kuliko hiyo.

Rangi tunazoziona ni za kweli?

Hapa ndipo penye mengi. Kamera nyingi za vyombo vya anga hazioni rangi hata kidogo. Hupima mwanga tu. Mbele ya kihisi kuna gurudumu lenye vichujio: picha moja hupigwa kupitia chekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu, na zikifika duniani hupangwa moja juu ya nyingine. Kitu kikisogea katikati ya zoezi, ukingo wake hubaki na mstari wa rangi. Hilo lilitokea Julai 2015, kamera ya EPIC kwenye chombo cha DSCOVR, kilometa milioni 1.5 kutoka hapa, ilipoupiga Mwezi ukikatiza mbele ya Dunia. Ukingo mmoja wa Mwezi una mstari mwembamba wa kijani. Asiyejua atasema picha imeghushiwa, kumbe mstari ule unaonyesha tu kwamba Mwezi ulikuwa unatembea.

Vichujio vingine havina habari na jicho la binadamu. Kipo cha gesi ya methani, kipo cha infraredi, kipo cha urujuanimno. Mwanga wa aina hiyo hauna rangi kwetu, kwa hiyo mtu lazima aichague. Picha za Mshtarii zilizotolewa Agosti 2022 kutoka darubini ya James Webb ni za infraredi: zile rangi za machungwa na samawati zilipangwa ili mawingu ya juu yatofautiane na ya chini. Hakuna mtu ambaye angesimama karibu na Mshtarii akaiona hivyo.

Halafu kuna makosa ya kawaida. Viking 1 ilipotua Mirihi Julai 1976 na kutuma picha yake ya kwanza ya rangi, anga ilionyeshwa duniani ikiwa ya samawati, kwa sababu walioirekebisha walifuata mazoea yao ya nyumbani. Vipimo vilipopitiwa upya, anga ikageuka kuwa ya waridi iliyofifia, kwa sababu ya vumbi. Ndiyo maana magari ya Mirihi hubeba vibao vidogo vyenye rangi zinazojulikana. Kamera huvipiga, na wataalamu husahihisha kwa kulinganisha. Kwenye kibao cha gari la Curiosity kuna hata senti moja ya Marekani ya mwaka 1909, iliyowekwa kusaidia kukadiria ukubwa wa vitu.

Na bado Mirihi ina kichekesho chake: mchana anga lina wekundu wa vumbi, lakini jua linapozama, eneo linalolizunguka huwa la buluu. Chembe za vumbi ni ndogo kiasi cha kuupitisha mwanga wa buluu kuelekea mbele vizuri kuliko rangi nyingine. Gari la Spirit lilipiga machweo ya namna hiyo Mei 2005, na hiyo buluu ni ya kweli.

Mfano unaonikera ni wa Neptuni. Kizazi kizima kimekua kikiamini ni sayari ya buluu iliyoiva kabisa. Picha za Voyager 2 zilikolezwa ili mawingu na mikanda yake ionekane, na maelezo ya wakati huo yalisema hivyo waziwazi. Miaka ikapita, picha ikaendelea kusambaa, maelezo yakabaki nyuma. Mwaka 2024 timu ya Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford ikatoa hesabu mpya: Neptuni na Uranusi zinakaribiana sana kwa rangi, zote ni samawati mpauko yenye ukijani, Neptuni ikizidi kidogo tu. Kukoleza rangi mimi sioni ubaya wake. Bila hivyo dhoruba nyingi zisingeonekana. Ubaya uko kwa anayekata maelezo na kuisambaza picha peke yake.

Kwa nini nyota hazionekani nyuma ya sayari?

Sayari iliyomulikwa na jua inang'aa mno. Kamera hufungua lenzi kwa muda mfupi ili sayari isiungue ikawa doa jeupe, na muda huo hautoshi kwa nyota, ambazo ni hafifu. Piga picha usiku ukiielekeza kamera kwenye taa kali, utaliona jambo lile lile.

Zuhura imefunikwa na mawingu. Picha za uso wake zilitoka wapi?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutua, kazi ambayo Umoja wa Kisovieti uliifanya vizuri kuliko yeyote. Venera 9 ilituma picha ya kwanza kutoka uso wa sayari nyingine tarehe 22 Oktoba 1975. Venera 13, Machi 1982, ilituma picha za rangi kutoka mahali penye joto la takriban nyuzi 457 na shinikizo karibu mara 90 ya letu, ikadumu dakika 127 kabla ya kunyamaza. Ndugu yake Venera 14 ilipatwa na mkosi: kifuniko cha lenzi kilichotoka kama ilivyopangwa kilidondoka pale pale ambapo mkono wa chombo ulitakiwa kupima ugumu wa udongo. Mkono ukapima kifuniko.

Ya pili ni rada, ambayo mawingu hayaizuii. Magellan, chombo kilichoizunguka sayari hiyo kati ya mwaka 1990 na 1994, iliuchora asilimia 98 ya uso wa Zuhura. Hizo ndizo picha za milima ya rangi ya moto unazozikuta kila mahali. Rada haitoi rangi. Ule uchungwa uliongezwa kwa kufuata picha za Venera.

Ile sura ya mtu kwenye Mirihi ilikuwa nini?

Kilima. Sehemu ya Viking 1 iliyobaki ikizunguka juu baada ya nyingine kutua ilikipiga Julai 1976 kwenye eneo la Cydonia, jua likiwa chini na vivuli vikiwa virefu, na wanasayansi wenyewe walipoitoa picha walisema ni mchezo wa kivuli. Mars Global Surveyor ilikipiga tena mwaka 1998 na 2001 kwa ubora mkubwa zaidi, na macho na mdomo vikatoweka. Waliotaka iwe sura hawakubadilisha mawazo, na sidhani picha ya tatu itasaidia.

Kwa nini kupeleka kamera mbali hivyo wakati tuna darubini kubwa?

Umbali hauna mbadala. Darubini ya Hubble iliionyesha Pluto kama doa lenye ukungu wa nukta chache. New Horizons ilipoisogelea tukaona uwanda wa barafu ya nitrojeni wenye umbo la moyo na milima ya barafu ya maji pembeni yake, vitu ambavyo hakuna aliyekuwa amevibashiri kwa umbo hilo. Darubini nazo zina faida yake: zinaweza kuitazama sayari ile ile mwaka hadi mwaka. Hubble ndiyo iliyofuatilia makovu meusi ya Mshtarii baada ya vipande vya kimondo chenye mkia, Shoemaker-Levy 9, kuigonga Julai 1994.

Picha hizi zina kazi gani zaidi ya kupendeza?

Machi 1979, Linda Morabito, mhandisi wa urambazaji wa Voyager 1, alikuwa akichunguza picha iliyopigwa kwa ajili ya kujua chombo kiko wapi, si kwa ajili ya sayansi. Ilikuwa imeangazwa kupita kiasi ili nyota hafifu zionekane. Kwenye ukingo wa Io, mwezi wa Mshtarii, akaona wingu lenye umbo la mwavuli ambalo halikupaswa kuwepo. Ilikuwa volkano ikilipuka, ya kwanza hai kugunduliwa nje ya Dunia. Siku chache kabla ya hapo, wanasayansi watatu walikuwa wamechapisha hesabu zinazoonyesha kwamba uvutano wa Mshtarii unaikanda Io kiasi cha kuiyeyusha ndani. Hesabu na picha zilikutana ndani ya wiki hiyo hiyo.

Cassini nayo ilipiga Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali, jua likiwa upande wa nyuma. Mwanga wa namna hiyo ndio uliofichua mikondo ya mvuke na barafu ikiruka kutoka nyufa za kusini, ikitokana na bahari iliyo chini ya ganda. Iwapo jua lingekuwa mgongoni mwa kamera, mikondo hiyo isingeonekana vile.

Kwa nini picha za Dunia yenyewe ndizo zinazowagusa watu zaidi?

Tuzitazame tatu, maana hazigusi kwa namna moja.

Ya kwanza haikuwa kwenye ratiba. Tarehe 24 Desemba 1968, wanaanga wa Apollo 8 walikuwa wakiuzunguka Mwezi kwa mara ya nne, kazi yao ikiwa kupiga ardhi ya Mwezi. Dunia ikachomoza. William Anders akapiga moja nyeusi na nyeupe, kisha akaomba haraka filamu ya rangi. Tumezoea kuiona Dunia ikichomoza juu ya upeo wa macho, lakini Anders aliiona tofauti: ardhi ya Mwezi ikiwa imesimama wima upande wa kulia. Aliyeigeuza alitaka ifanane na mapambazuko.

Ya pili ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, kutoka umbali wa kilometa 29,000 hivi. Jua lilikuwa nyuma yao, kwa hiyo Dunia ilikuwa imemulikwa yote, duara kamili. Katikati iko Afrika, Madagaska inaonekana wazi, juu kidogo Bara Arabu, na chini weupe wa Antaktika. Nayo iligeuzwa: katika filamu kusini iko juu. Angani hakuna juu wala chini, na mimi ningependa itolewe mara moja moja kama ilivyopigwa.

Ya tatu ni mbaya, kwa maana ya upigaji picha. Mwanaastronomia Carl Sagan aliisumbua NASA, shirika la anga la Marekani, kwa miaka hadi ikakubali kuigeuza kamera ya Voyager 1 itazame nyuma. Wengine waliogopa jua lingeiharibu, na hakukuwa na faida ya kisayansi ya kutaja. Tarehe 14 Februari 1990, kutoka kilometa bilioni 6, picha 60 zilipigwa. Katika mojawapo Dunia haijazi hata nukta moja, iko ndani ya mwale wa mwanga ambao si kitu cha angani bali ni jua lililotawanyika ndani ya kamera. Mirihi ilipotelea kwenye mwanga huo na haikuonekana. Baada ya kazi hiyo kamera zikazimwa moja kwa moja.

Mpe picha hiyo mtu asiyeijua, bila kumwambia neno. Ataona chengachenga na mstari. Mwambie ile nukta ni nini, mkono utakwenda kwenye skrini. Mshangao wake wote unatokana na kujua, na ndiyo sababu siwaelewi wanaosema kwamba maelezo ya kiufundi huiharibu picha.

Cassini ilirudia zoezi hilo tarehe 19 Julai 2013, Zohali ikiwa imelikinga jua na Dunia ikiwa nukta ya buluu chini ya pete, umbali wa kilometa bilioni 1.44. Safari hiyo watu walitangaziwa mapema, wakatoka nje kwa saa iliyotajwa, wakapunga mikono.

Je, tumewahi kupiga sayari za nyota nyingine?

Ndiyo, lakini ni nukta tu. Mwaka 2008 zilitangazwa picha za sayari tatu zinazoizunguka nyota ya HR 8799. Mwanga wa nyota ilibidi uzibwe kwanza. Zina mvuto wake: picha za miaka iliyofuata zilipounganishwa, nukta zikaonekana zikitembea kwenye njia zao.

Naweza kuzipata na kuzishughulikia mwenyewe?

Unaweza, bila kulipa. NASA huweka picha ghafi za magari ya Mirihi mtandaoni, na anza na hizo, kwa sababu nyingi zinafunguka kama picha za kawaida. JunoCam, kamera ya chombo cha Juno kilichofika Mshtarii Julai 2016, iliwekwa hasa kwa ajili ya umma; nyingi za picha zake maarufu zimetengenezwa na watu wa kawaida. Ila ni ngumu kwa anayeanza. Chombo kinazunguka kama mara mbili kwa dakika, picha huja kwa vipande vyembamba vya rangi mbalimbali, na usipovipanga kwa kufuata mzunguko huo utapata Mshtarii iliyokatwakatwa.

Picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, isipokuwa zile zilizotajwa vinginevyo, na nembo yake huruhusiwi kuitumia kana kwamba imekuunga mkono. Shirika la anga la Ulaya, ESA, lina masharti yake, yasome kabla ya kuchapisha. Ukikoleza rangi, andika kwamba umekoleza, tena uandike ndani ya picha yenyewe pembeni, maana maelezo yaliyo chini yake hayatakaa.